Jarida la Walimu wa Kujitolea: Taarikh ya Kisomo na Karatasi katika Nchi ya Magu

Kila zama walipotokea watu wa kufundisha pasipo kutazamia mshahara, ilizuka pamoja nao haja nyingine ambayo wenye kupanga mambo aghalabu huisahau, nayo ni haja ya walimu hao kupata habari za wenzao. Mwalimu wa serikali ana mkaguzi wa kumzuru, ana wenzake wa kuzungumza nao shuleni, na ana chama cha kumtetea. Bali mwalimu wa kujitolea hufundisha jioni, baada ya kazi za shamba au za ziwani, chini ya mwembe au katika banda la chama cha wakulima, na ikiwa wanafunzi wake wamepungua hata wakabaki wachache wa kuhesabika, hana wa kumwambia kwamba katika kijiji cha pili hali ni hiyo hiyo, wala kwamba katika kijiji cha tatu imekwisha kupatikana dawa yake. Nchi ya Magu, iliyo ufukoni mwa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, imeonja faida ya kuwa na maandishi yanayokwenda na kurudi baina ya watu wa namna hiyo, na imeonja pia hasara ya kuyakosa. Kwa hiyo kila atakayetaka leo kuwatolea walimu wa kujitolea wa huko jarida lao, atafanya vyema kuanza tadbiri yake kwa kuitazama taarikh hiyo kabla ya kununua hata rimu moja ya karatasi.

Maandishi ya kwanza kuenea duniani juu ya ufuko huu hayakuandikwa na wenyeji wake. Mwezi wa Februari 1875 msafiri Henry Morton Stanley aliwasili Kageye, kijiji kilicho katika Wilaya ya Magu ya leo, safari yake ikigharimiwa na magazeti mawili makubwa, Daily Telegraph la London na New York Herald la Marekani. Hapo Kageye ndipo ilipounganishwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, hapo ndipo alipofia mwenzake kijana Frederick Barker, na kutoka hapo ndipo zilipoandikwa barua ambazo magazeti hayo yalizichapisha kwa fahari. Wasomaji wa London wakalijua jina la Kageye kabla mtu yeyote wa Kageye hajashika gazeti mkononi mwake. Jambo hili si dogo, maana limeweka mfano uliodumu kwa miaka mingi, yaani watu wa ziwani kuandikwa habari zao na wageni, nao wenyewe wakibaki kuwa ni mada ya maandishi wala si wenye kalamu. Taarikh nzima tunayoisimulia hapa ni taarikh ya kalamu hiyo kupita polepole kutoka mkono hata mkono, mpaka ikafika kwa mkulima wa pamba na kwa mwalimu aliyemfundisha kuishika.

Walakini isidhaniwe kwamba nchi hiyo ilikuwa haina njia ya kupashana habari, au kwamba kujitolea ni jambo lililoletwa na serikali. Wasukuma walikuwa na vikundi vya vijana vya kulima, vilivyojulikana kwa jina la elika, vikiongozwa na kiongozi wao aitwaye nsumba ntale, na vikundi hivyo vilikwenda kwa zamu kutoka shamba hata shamba, jembe likifuata wimbo. Walikuwa pia na vyama vya ngoma, na mashuhuri kuliko vyote ni Bagalu na Bagika, ambavyo ushindani wao uliwalazimu mamanju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, kutunga nyimbo mpya kila mwaka. Na katika nyimbo hizo hadhira ilipata sifa na lawama, habari za njaa na za mavuno, mambo ya wakubwa na mambo ya majirani. Padri David Clement, aliyejenga parokia ya Bujora huko Kisesa na kuanzisha makumbusho ya Wasukuma mahali hapo, alitambua kwamba hazina hiyo ni maarifa yenye kustahili taadhima, na mpaka leo sikukuu ya Bulabo hukusanya watu kwa maelfu kila mwezi wa Juni. Nataja mambo haya kwa sababu mpango wowote wa kisomo uliofanikiwa katika Usukuma ulifuata nyayo hizo, kwa maana ya kufanya kazi kwa kikundi, kushindana kwa heshima, na kumpa kila mtu nafasi ya kusikia jina la kijiji chake likitajwa mbele za watu.

Ama jarida la walimu kwa lugha ya Kiswahili, hilo asili yake ni pwani. Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani huko Unguja, Misheni ya Vyuo Vikuu ilianza kuchapa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi, na ijapokuwa lilikuwa gazeti la dini, tukilitazama kwa jicho la kazi tutaona kwamba lilikuwa jarida la walimu hasa. Vijana waliomaliza masomo Kiungani walipelekwa kufundisha Magila, Masasi, Newala na hata katika pwani ya Ziwa Nyasa, na kutoka huko waliandika barua kueleza idadi ya wanafunzi wao, maradhi yaliyowapata, vita walivyovisikia na safari walizosafiri. Barua hizo zikachapwa, kisha zikarudi kwa walimu wote, hata yule wa Newala akajua yaliyomsibu yule wa Magila. Baada yake likaja Habari za Mwezi huko Magila katika miaka ya 1890, kisha Kiongozi la shule ya serikali ya Tanga katika zama za Wadachi, na mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo, gazeti lililodumu kwa miaka arobaini na kuwafanya walimu na makarani wa bara nzima kuwa jamii moja ya wasomaji. Katika nchi ya ziwa lilipatikana pia Lumuli, gazeti la Wakatoliki wa Mwanza. Mtu akiyapanga magazeti haya mbele yake ataona kuwa yanatofautiana kwa dini, kwa serikali na kwa siasa, illa yanaafikiana katika jambo moja, kwamba sahifa zilizopendwa zaidi zilikuwa ni zile za barua na mashairi ya wasomaji.

Kisomo chenyewe kiliingia katika nchi ya Magu kwa mlango wa misheni. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikaa Nassa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 wakawaachia mahali hapo ndugu zao wa Africa Inland Mission, ambao kutoka hapo walieneza shule na makanisa katika Usukuma. Shule hizo zilikuwa chache na ndogo, na mtoto wa mfugaji aghalabu alihitajiwa machungani kuliko darasani. Jambo lililobadilisha fikira za watu wazima juu ya herufi na tarakimu lilikuwa ni mizani ya pamba. Mkulima aliyepeleka mzigo wake kwa mnunuzi, akaambiwa uzito na bei bila ya kuweza kusoma wala uzito wala bei, alijua ndani ya moyo wake kwamba ujinga wake una gharama inayohesabika kwa shilingi. Kutokana na uchungu huo Paul Bomani na wenzake walianzisha mwaka 1952 umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ambao kabla ya miaka kumi kupita ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima katika Afrika. Kila chama cha msingi kilihitaji karani wa kuandika, mpimaji wa kusoma mizani, na wajumbe wa kuweza kukagua hesabu. Na kila kijiji kilichopata chama kikapata papo hapo sababu ya dhahiri ya kusoma.

Kwa hiyo Mwanza ilipochaguliwa kuwa makao ya jaribio kubwa la kisomo, mbegu iliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwezi wa Septemba 1965 ulikuwa umetoa rai kwamba kumfundisha mtu mzima herufi peke yake hakutoshi, bali kisomo kifungamane na kazi inayompatia riziki. Na UNESCO ikaijaribu rai hiyo katika nchi kumi na moja, Tanzania ikiwa mojawapo. Kuanzia 1968 hata 1972 mradi huo uliendeshwa kutoka Mwanza kwa mikoa minne ya ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, na kwa Kiswahili ukaitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vya kwanza vya kusomea havikuanza na hadithi za sungura. Vilianza na pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe, mahindi, malezi ya nyumbani na siasa, kila kitabu kikichanganya somo la herufi na somo la kazi. Mkulima wa Magu alisoma neno la kupanda kwa mistari huku akiwa na shamba la mfano la kupandia, na akajifunza hesabu za kujumlisha kwa mifano ya kilo za pamba yake mwenyewe.

Nchi nzima ilisukumwa mbele na hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye zikachaguliwa wilaya sita za kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha, nazo ni Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro, Dar es Salaam na Ukerewe. Na Ukerewe ni kisiwa kinachotazamana na ufuko wa Magu ng'ambo ya ghuba, kwa hiyo habari za bidii ya Wakerewe zilivuka maji pamoja na wavuvi na wafanyabiashara wa samaki. Mwezi wa Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU, chama kilichotawala, ukaamua kwamba ujinga huo uondolewe nchini kote ifikapo mwisho wa 1975. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa hazina, na watu walilijua hilo, ndiyo maana mzigo ukawekwa juu ya mabega ya wenye kujitolea.

Watu hao walikuwa nani? Wengine walikuwa walimu wa shule za msingi walioongezewa kazi ya jioni. Wengine mabwana shamba, watumishi wa afya, viongozi wa dini, askari na wanafunzi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wengi zaidi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wakabaki vijijini. Hao wa mwisho walipewa takrima ya shilingi thelathini kwa mwezi, ambayo haikuitwa mshahara na wala haikuweza kuwa mshahara. Kijana wa namna hiyo alisimama mbele ya baba zake na mama zake wakubwa, mbele ya wazee waliomjua tangu alipokuwa akichunga ndama, akawaongoza kutamka silabi na kuandika majina yao, naye akalazimika kufanya hivyo kwa adabu isiyovunja heshima ya umri wala kulegeza kanuni za somo. Wanafunzi walikuwa wakiitwa ngumbaru kwa mzaha na watoto waliopita njiani, na wengi wao, hasa kina mama, walifika darasani baada ya kuchota maji, kutafuta kuni na kupika. Tunapozihesabu takwimu za kisomo yafaa tukumbuke kwamba kila tarakimu ilipita katika mikono ya mwalimu kama huyo na katika subira ya mwanafunzi kama huyo.

Na takwimu zenyewe zilikuwa za kustaajabisha. Kwa hesabu ya watu ya 1967, watu wazima sitini na saba katika kila mia walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Katika mtihani wa taifa wa mwezi wa Agosti 1975 walijitokeza watu milioni tatu na zaidi, na hesabu ya wasiojua kusoma ikashuka kufikia takriban asilimia 39. Mwaka 1977 ikawa 27, mwaka 1981 ikawa 21, na mwaka 1986 ikafika chini ya 10. Redio nayo ilifanya kazi yake, maana katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza na kusoma, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa pamoja. Na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai.

Lakini wenye kuendesha kazi hiyo huko Mwanza waliliona mapema tatizo ambalo mitihani haiwezi kuliona. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, ikiwa hana cha kusoma isipokuwa kitabu kile kile cha kwanza, atasahau kwa urahisi alichokipata kwa taabu. Kitabu cha kwanza humtoa mtu gizani, bali hakiwezi kumweka katika nuru daima. Kwa ajili hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini, na kwa ajili hiyo likazaliwa mwaka 1974, kwa msaada wa UNESCO na nchi ya Norwei, gazeti la kila mwezi la mikoa ya ziwa lililoitwa Elimu Haina Mwisho, likitolewa Mwanza. Hili halikuwa gazeti la mji lililopelekwa shamba likiwa limechelewa; tangu mwanzo lilikusudiwa msomaji wa kijijini, kwa lugha nyepesi na mambo yanayomhusu, ya kilimo, ya siha, ya malezi na ya ushirika. Mwaka huo huo wa 1974 wakulima wa Usukuma walikuwa wakihamishwa kwa maelfu kuingia katika vijiji vipya, na mwezi wa Novemba Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto apate nafasi shuleni. Watu waliotengwa na majirani zao wa zamani walihitaji kusikilizana kuliko wakati wowote, na karatasi ilikuwa mojawapo ya njia chache za kusikilizana.

Hapa yafaa tutue kidogo tuitazame kazi yenyewe ya kutoa jarida la namna hiyo, kwa kuwa aliyeiona kwa karibu hataidharau. Kwanza, lugha. Msomaji mpya husoma silabi moja moja. Sentensi ikiwa ndefu, akifika mwisho amekwisha kusahau mwanzo, na herufi zikiwa ndogo, taa ya chemli haimtoshi. Mhariri wa gazeti la vijijini hubanwa basi na sheria ngumu kuliko mhariri wa gazeti la mjini, kwani hupaswa kueleza jambo zito, mathalani ugonjwa wa pamba au hesabu za chama, kwa maneno ambayo mtu wa hatua ya tatu ya kisomo anaweza kuyabeba, na afanye hivyo bila ya kumdhalilisha msomaji aliye mtu mzima, mwenye watoto na mwenye kauli katika baraza la kijiji. Pili, habari. Mhariri aliyekaa Mwanza hawezi kujua kilichotokea katika kila kijiji isipokuwa aandikiwe. Na atakayemwandikia, zaidi ya mtu mwingine yeyote, ni mwalimu wa kisomo, kwa sababu ndiye mwenye kalamu na ndiye mwenye kuwaona watu kila jioni. Tatu, usafiri. Gazeti lililochapwa vizuri likakaa bohari kwa kukosa gari si gazeti bali ni mzigo wa karatasi, na kutoka Mwanza hata vijiji vya ndani vya Magu, mbali na barabara kuu, safari ya furushi la magazeti hutegemea watu watatu au wanne kutimiza ahadi zao, kila mmoja kwa zamu yake.

Na hapo ndipo ulipokuwapo udhaifu wa mpango mzima. Madaftari ya mahudhurio, fomu za takwimu na taarifa za mitihani zilikwenda juu, kutoka kwa mwalimu hata kwa mratibu, kutoka kwa mratibu hata wilayani, mkoani na wizarani. Na maagizo yalishuka kwa njia hiyo hiyo. Gazeti lilimhudumia msomaji mpya, redio ilikihudumia kikundi, taarifa ilimhudumia ofisa. Katika safu zote hizo mwalimu wa kujitolea alikuwa ni daraja ambalo kila kitu kilipita juu yake, naye hakuwa na karatasi iliyoandikwa kwa ajili yake na wenzake, ya kumwambia jinsi mwalimu mwingine alivyowarudisha wanafunzi waliotoroka wakati wa palizi, au jinsi alivyomsaidia bibi mwenye macho hafifu kuona ubao. Walimu wa Kiungani wa 1888, ijapokuwa walikuwa wachache sana, walikuwa na kitu ambacho maelfu ya walimu wa kisomo wa miaka ya 1970 hawakukipata kwa ukamilifu. Kwa rai yangu hii ni miongoni mwa sababu kubwa za bidii ile kudhoofika upesi mara tu fedha zilipopungua, kwani mtu huweza kustahimili kukosa shilingi thelathini, lakini kukosa shilingi thelathini na kukosa pia kujua kama yuko mwingine anayeendelea, hilo humshinda hata mwenye ikhlasi.

Fedha zilipungua kweli. Ushirika, uliokuwa nguzo ya uchumi wa pamba, ulivunjwa mwaka 1976. Mwishoni mwa 1978 vita vya Kagera, baina ya Tanzania na Uganda, vikaanza katika mikoa hii hii ya ziwa, na baada ya ushindi wa 1979 nchi ikabaki na madeni, uhaba wa mafuta na uhaba wa fedha za kigeni. Karatasi, wino na vipuri vya mitambo ya kuchapa vikawa vitu vya kutafutwa kwa taabu. Baadaye yakaja masharti ya kubana matumizi, na elimu ya watu wazima, ambayo haina wazazi wa kuandamana na kuilalamikia, ikawa ya kwanza kukatwa. Takrima zikachelewa, madarasa yakafungwa moja baada ya jingine, maktaba za vijijini zikabaki kuwa makabati yenye vitabu vilivyoliwa na mchwa. Hesabu ya watu ya 2002 ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Taifa lililokuwa mfano kwa Afrika likawa limerudi nyuma katika jambo lililolipatia sifa.

Hata hivyo kujitolea hakukufa. Katika miaka ya 1990 ukaja mpango wa MUKEJA, ambao ulitaka wanakisomo wenyewe waamue wanachohitaji kujifunza, na mwalimu akaitwa mwezeshaji. Kisha ukaja MEMKWA kwa ajili ya watoto waliokosa shule. Tangu ada zilipoondolewa shuleni kuanzia Januari 2016, wanafunzi wakaongezeka upesi kuliko walimu, na katika shule nyingi za Tanzania wamesimama darasani vijana waliomaliza vyuo wakingoja ajira, wakifundisha kwa posho ndogo ya wazazi au pasipo posho. Ukiwaweka pamoja na wenye kufundisha watu wazima, wenye kusomesha watoto baada ya ibada, na wenye kuwafunza wavuvi na wakulima katika vikundi vyao, utaona kwamba hata wilaya moja kama Magu, ijapokuwa mwaka 2012 upande wake wa mashariki ulitengwa kuwa Wilaya ya Busega, ina jamii kubwa ya walimu wasiojuana.

Basi jarida la watu hao lipangwe vipi? Taarikh tuliyoisimulia inatupa majibu yaliyokwisha kulipiwa gharama na waliotutangulia. Jawabu la kwanza ni kwamba wahariri wawe walimu wenyewe, wachaguliwe kutoka kata mbalimbali na wapokezane kwa zamu kama elika ilivyopokezana mashamba, kwa sababu jarida linaloandikwa na ofisi hugeuka upesi kuwa waraka, na waraka husomwa mara moja kisha hufungiwa vitumbua. Jawabu la pili ni kwamba nusu ya sahifa ziwe ni barua, na kila barua ijibiwe, ima na mhariri ama na mwalimu wa kijiji kingine. Mwandishi asiyejibiwa haandiki mara ya pili. Kila barua itaje jambo moja lililojaribiwa darasani na matokeo yake, likifaulu au lisipofaulu, maana kushindwa kulikoelezwa vizuri humwokoa mwenzako miezi mitatu ya kazi.

Jawabu la tatu ni kwamba jarida lifuate majira ya nchi. Pamba ya Usukuma hupandwa Novemba na Desemba, hupaliliwa katika mvua za mwanzo wa mwaka, na huanza kuchumwa mwezi wa Mei. Darasa la watu wazima hupungua katika palizi na hujaa baada ya mauzo. Toleo linalotoka Februari na lizungumzie njia za kulihifadhi darasa dogo lisivunjike. Linalotoka Julai lizungumzie kuandikisha wapya na kuwafundisha hesabu za mauzo wakati fedha ziko mkononi. Toleo la Juni halikosi kuwa na habari za Bulabo, na mamanju waombwe kuwatungia walimu nyimbo, kwani wimbo hufika kwa asiyejua kusoma na kumvuta aje ajifunze.

Jawabu la nne ni usambazaji, ambao upangwe kabla ya uandishi wala si baada yake. Zipo njia zilizokwisha kuwapo ambazo hazina haja ya gari la ofisi: siku za mnada, ambapo kila kijiji hutuma watu wake; vyama vya msingi, ambavyo makarani wake huenda mjini; magari ya abiria ya barabara ya Musoma; makanisa na misikiti; na mialo ya wavuvi. Simu za mkononi zitasaidia kuchukua maandishi ya haraka, lakini karatasi isiachwe, kwa kuwa jarida lililobandikwa katika ukuta wa ofisi ya kijiji husomwa na mtu ambaye hakulitafuta, na msomaji wa namna hiyo ndiye aliyekuwa muradi wa kisomo tangu mwanzo. Na nakala mbili za kila toleo ziwekwe mahali pa amani, moja katika maktaba ya mkoa na moja katika makumbusho ya Bujora, ili wajukuu wasije wakatafuta habari za babu zao katika magazeti ya London kama sisi tunavyozitafuta za Kageye.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la haraka kuliko yote. Vijana waliofundisha kisomo mwaka 1972 kwa shilingi thelathini ni wazee leo, na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki wanajua mambo ambayo hayamo katika taarifa yoyote ya wizara, wanajua ni somo gani liliwafanya watu wacheke na lipi liliwafanya wasinzie, na kwa nini darasa la kitongoji kimoja liliendelea hali la jirani lilikufa. Toleo la kwanza la jarida la walimu wa kujitolea wa Magu litengwe kwa ajili yao. Kila mwalimu wa leo amwendee mzee mmoja katika kijiji chake, ambaye aliwahi kufundisha au kufundishwa, amwamkie kwa heshima yake, aandike maneno yake kama alivyoyasema, ayapeleke kwa mhariri yachapwe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala kibali kikubwa. Yahitaji kalamu, daftari na jioni chache. Itawapa walimu wapya ustadi wa waliowatangulia, itawalipa wazee deni ambalo takrima ile haikulilipa, na itaanza jarida pale linapopaswa kuanzia, yaani katika kauli za wenye kuifanya kazi.